Mzee Method Rwechungura na Kidonda cha Mtakatifu Kamili

Mzee Method Rwechungura alizaliwa tarehe 3 Mei 1938 Kanyigo, Bukoba, mtoto wa nne wa Mzee Patroba na Mama Clothilde.

Alisoma shule ya misheni ya hapohapo Kanyigo, kisha chuo cha wauguzi, akahitimu mwaka 1960. Huko chuoni padre mlezi aliwasimulia wanafunzi habari za Mtakatifu Kamili wa Lellis, Mwitalia wa karne ya kumi na sita, askari na mcheza kamari aliyeishia kuwahudumia wagonjwa hadi akawa msimamizi wa wauguzi. Method alitoka chuoni na cheti na Kamili. Cheti kilipotea wakati wa vita vya mwaka 1978. Kamili hakupotea, ingawa nyumbani kwake walikuwapo waliotamani apotee, angalau siku za Jumapili.

Tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na Bi. Yasinta, wakajaliwa watoto wawili, Dorothea na Wilfred. Bi. Yasinta husema kwamba aliolewa na wanaume wawili, na mmoja wao alikuwa amekufa tangu mwaka 1614.

Marehemu aliuguza katika hospitali ya misheni Bukoba kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1993 yeye na mkewe walimfuata Dorothea hapa Houston, naye akapata kazi katika nyumba ya kulelea wazee, mtaa wa Sharpstown, hadi alipostaafu mwaka 2003. Aliosha vidonda vya watu taratibu, akiwaambia vijana wenye haraka kwamba Kamili aliwaita wagonjwa mabwana zake.

Jumuiya yetu ya Wakatoliki wa mtaa wa Gulfton inaitwa Mtakatifu Kamili kwa sababu moja tu: wanajumuiya walichoka kubishana na Mzee Method. Kila Jumapili alisimulia maisha ya mtakatifu kabla ya chakula, na pilau likapoa. Alipenda hasa pale Kamili alipofukuzwa hospitalini Roma kwa kucheza karata na kugombana. Siku moja Bwana Onyancha, jirani kutoka Kisii, alishindwa kuvumilia. "Mzee, huyo mtakatifu si afe basi, tukule?" Marehemu alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaendelea.

Mwaka 2001 aligundulika ana kisukari. Agosti 2005 kidonda kilitokea kwenye wayo wa mguu wa kulia. Daktari alitaka kukata vidole viwili ili kuokoa mguu. Marehemu, aliyewasukuma wagonjwa wasiohesabika mpaka mlangoni kwa daktari, alikataa.

"Kamili alitembea na kidonda mguuni zaidi ya miaka arobaini," alisema.

"Baba, Kamili hakuwa na kisukari," Dorothea alimjibu.

"Umempima?"

Wilfred alikuja kutoka Dallas. "Mzee, nime-drive saa nne nzima kuja kukuomba. Uta-lose mguu!"

"Pole kwa safari. Mama yako amepika ndizi."

Ikapita Septemba, ikapita Oktoba. Bi. Yasinta alilia, paroko alimsihi, Dorothea alimfokea na kisha kumwomba radhi. Kidonda kilianza kunuka. Marehemu alikiosha mwenyewe, vizuri sana, kama alivyoosha vya wengine, na kila siku alisema kinapona.

Jumapili tarehe 11 Desemba jumuiya ilikutana kwake. Alikuwa na homa, lakini alisimulia akiwa ameketi. Alipofika kwenye karata, Dorothea alimkatiza.

"Kamili alifukuzwa wapi, Baba?"

"Hospitalini. Unajua."

"Alikwenda kufanya nini hospitalini?"

Marehemu alimtazama mkewe, kisha akautazama mguu.

"Kutibiwa mguu," alisema.

"Na baadaye?"

"Alirudi tena."

"Kufanya nini?"

"Dorothea, basi. Niletee koti."

Kwa mara ya kwanza jumuiya ilikula pilau la moto, na hakuna aliyelifurahia. Hospitalini madaktari walikuta usaha umefika mfupani na sumu imeingia katika damu. Mguu ulikatwa chini ya goti. Krismasi ilimkuta wodini, akisaidiwa kuoga na muuguzi kijana, akimwelekeza namna ya kushika taulo.

Siku moja kabla ya kufariki alimwita Dorothea asogee.

"Lile swali," alisema, "ungeniuliza Agosti."

"Baba!" Dorothea alisema. Marehemu alimpapasa mkono, kana kwamba binti ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Mzee Method alifariki tarehe 9 Januari 2006, akiwa na umri wa miaka 67. Anazikwa leo, Jumamosi tarehe 14. Ameacha mjane, Bi. Yasinta, watoto wawili, wajukuu watano, na jumuiya nzima ya Mtakatifu Kamili.

Bwana ampokee, ampe pumziko na amani, na huyo Kamili apate sasa nafasi ya kujisimulia mwenyewe.