Mwenyekiti Aliyeandika Hapana

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Afisa wa Afya, uliyetoka Nyeri mjini na bado ukafika kabla yetu sisi wenye kijiji, Chifu, Mchungaji, Mwalimu Mkuu, Bwana Jashbhai, uliyetuletea viti hivi kutoka dukani kwako na ukaomba jambo moja tu, kwamba tusivipande kwa miguu, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu wa Chaka na wa Kiganjo, na mwisho, ambaye leo ndiye wa kwanza, Sista Beth Murugi, muuguzi wetu, uliyelazimishwa kukaa kitini kwa zaidi ya dakika kumi mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja ya kazi: hamjambo nyote?

Kwa wasionijua, naitwa Moffat Wamae. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa, nalima viazi mvua ikikubali, na ni mwenyekiti wa wazazi wa shule yetu mwaka wa saba sasa, kwa sababu kila uchaguzi ukifika watu hukumbuka wana haraka ya kwenda nyumbani. Kamati ya leo ilipokaa kuchagua mtu wa kumsifu Sista, jina langu halikuwako. Ni Sista mwenyewe aliyelitaja. Aliwaambia, "Mpeni Wamae. Amenisema miaka minne, basi amalizie kazi."

Naona mnacheka. Chekeni, ndiyo maana tumekodi hema.

Ndugu wageni waalikwa, nani hapa hamjui huyu mama? Nani hajamwona akipita na viatu vya mpira, kile kisanduku chake cha chanjo begani, akisalimia mbwa kwa majina kabla hajasalimia wenye mbwa? Ukimwambia mtoto amekohoa tangu Jumatatu, atakuuliza kwa nini unamwambia Alhamisi. Amewapokea watoto wetu duniani, akawapima uzito, akawachanja, na wengine wao leo ndio wanaomletea watoto wao, nao bado wanaficha mikono mgongoni wakimwona. Huyo ndiye tunayemuaga leo akistaafu. Lakini mimi sikupewa nafasi hii nimsifie viatu. Nimepewa nafasi hii nitubu, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Miaka minne iliyopita wasichana wetu waliofika miaka kumi walipewa fomu shuleni wazilete nyumbani. Fomu iliuliza jambo moja: je, mzazi, unakubali binti yako apewe chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi? Fomu zilikuwa arobaini na moja. Sasa, ninyi mnajua desturi yetu, hata kama hatujaiandika popote. Karatasi ya shule ikija nyumbani hapa kwetu, hakuna anayeisoma siku ya kwanza. Siku ya pili watu huulizana dukani, "Mwenyekiti ameandika nini?" Siku ya tatu tunaandika alichoandika mwenyekiti.

Mwenyekiti aliandika HAPANA, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini.

Kwa nini? Nilikuwa nimetumiwa ujumbe wa sauti kwenye simu, mtu akijiita profesa, wa wapi hakusema, ati chanjo hii inafunga kizazi. Nilimsikiliza profesa huyo mara tano. Sista aliyezalisha wake zetu sikumsikiliza hata mara moja. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo sikuitaja mkutanoni kwa sababu haikuwa nzuri. Nilijiambia kwamba binti yangu Wacera analelewa kanisani, na chanjo ya virusi vinavyoambukizwa kitandani ni ya mabinti wa watu wengine. Niliogopa watu watasema nini kuliko nilivyoogopa saratani.

Basi fomu zikarudi shuleni. Thelathini na nane zilisema hapana. Rafiki yangu Theuri, jirani yangu, tuliyekatiana nyasi za ng'ombe tangu ujana wetu, hakujisumbua hata kuandika hapana. Kwenye nafasi ya jibu aliandika, "Kama Wamae."

Sista hakukata tamaa. Alikuja kwenye mikutano yetu, na kila alipokuja mimi nilisimama. Nilisema analipwa na wageni. Nilisema ameishiwa na wagonjwa anatafuta wazima. Wengine wakaongeza kwamba chanjo itawafundisha wasichana tabia mbaya. Mheshimiwa, siku moja nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Mchungaji. Naye alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu chake, akasema, "Asante Mwenyekiti, nitarudi mwezi ujao." Na mwezi ujao alirudi.

Tukafika Machi mwaka huu. Ilikuwa siku ya kuchanja mitamba kule joshoni, ile chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba, na mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti. Mnanijua na kipaza sauti. Nilikuwa nikitangaza, "Leteni ndama jike wakiwa wadogo! Usingoje mtamba apandwe! Akishapandwa umechelewa!" Sista alikuwa akipita akielekea Kiganjo. Akasimama. Akaja mpaka niliposimama, akauliza kwa upole kabisa, na kipaza sauti kikiwa hakijazimwa:

"Mwenyekiti, huyu ndama wako ni mgonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Ako sawa kabisa."

"Sasa mbona unamdunga sindano?"

"Ndiyo asishikwe na ugonjwa, Sista. Ukingoja ashikwe, hii dawa haisaidii."

"Na ukimchanja hivi akiwa mdogo, ati unamfundisha tabia mbaya?"

Mama mmoja akaguna, "Sista, kwani watoto wetu ni ng'ombe?" Naye akamgeukia, akasema, "Hapana, mama. Lakini leo ndama wote wa hapa wanaenda nyumbani na kinga, na niko na fomu thelathini na nane za wasichana zilizoandikwa hapana. Hiyo ndiyo inaniuma." Kisha akabeba kisanduku chake akaenda.

Nilikwenda nyumbani nimevimba. Nikamwambia mke wangu Sophie, leo Sista amenifedhehesha mbele ya watu na mifugo. Mama Wacera aliingia chumbani akatoka na kadi ya kliniki, akaiweka mezani karibu na chai yangu. Ilikuwa na jina la binti yangu, tarehe, na muhuri wa zahanati yetu, dozi ya kwanza na ya pili, kama zilivyokuwa zikitolewa wakati ule kabla hazijawa moja. Wacera alikuwa ameanza kuchanjwa miaka minne iliyopita, mwezi uleule wa fomu.

Nikamuuliza, "Uliendaje bila kuniambia?"

Akasema, "Nilikuambia, Baba Wacera. Ulikuwa unamsikiliza profesa."

Ndugu zangu, fikirini. Miaka minne namtukana huyu mama hadharani, naye anajua kwamba binti yangu mwenyewe alichanjwa kwa mkono wake. Sentensi moja tu ingenikalisha chini. Angesema tu, "Mwenyekiti, nenda kamuulize mke wako," na mkutano wote ungeniangukia kwa kicheko, na wale wengine thelathini na saba wangekubali siku hiyohiyo. Nilimfuata zahanati kesho yake, nikamuuliza kwa nini hakunisema. Alikuwa anahesabu glavu, hakuinua hata macho. Alisema, "Kadi ni ya Wacera. Siyo yangu kuonyesha watu."

Wapo watu wanaotunza siri kwa sababu haiwasaidii kuisema. Huyu alitunza siri ambayo ingemsaidia sana. Sista, nimejaribu kutafuta neno la heshima la kusema hapa, na neno nililopata ni nisamehe.

Sasa nitasema alichonifundisha siku ile, na Afisa wa Afya akiona nimepotoka anipungie mkono. Virusi vya HPV si vya watu wabaya. Ni vya kawaida mno. Wengi wetu watu wazima tumekutana navyo bila kujua, wa kanisani na wa baa, na mwili wa wengi huvifukuza wenyewe. Lakini aina chache huwa sugu. Hukaa kimya miaka kumi, hata ishirini, zikiharibu mlango wa kizazi kidogo kidogo, na mama anapoanza kuhisi maumivu mara nyingi mambo yameshakwenda mbali. Chanjo huufundisha mwili kuvikataa virusi hivyo kabla havijafika. Haitibu aliyekwisha kuvipata, ndiyo maana hutolewa mapema, miaka kumi hadi kumi na minne, bila malipo. Siku hizi ni dozi moja. Mkono utauma siku mbili, pengine homa kidogo, pengine kizunguzungu, ndiyo maana Sista humkalisha mtoto dakika kumi na tano kabla hajamruhusu kwenda. Kizazi haifungi. Inalinda njia ya kizazi chenyewe.

Nanyi akina mama mnaochekelea baba kusemwa, msidhani mmeponea. Chanjo ya binti si kipimo cha mama. Ukifika miaka ishirini na mitano nenda ukapimwe mlango wa kizazi, na binti aliyechanjwa naye akikua atapimwa. Sophie alikwenda. Nilimsindikiza mimi, nikakaa nje kwenye benchi nikishika mkoba wake, na waliopita waliniuliza kama nimeanza kuuza mikoba.

Baada ya ile kadi kuwekwa mezani nilifanya kazi moja ngumu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nyumba thelathini na saba, kwa miguu, na kila mahali nilisema maneno yaleyale: nilikosea, na wangu alichanjwa bila mimi kujua. Wengine walinipa chai. Mzee Ngatia alinipa chai na matusi, akamwita binti yake achukue sweta, wakaenda zahanati mchana uleule. Mpaka leo thelathini na sita wamechanjwa, na hao si kazi yangu, ni kazi ya huyu mama aliyefungua mlango hata Jumamosi.

Nyumba ya thelathini na saba ilikuwa ya Theuri.

Hapa, waheshimiwa, mzaha unanishinda kidogo. Theuri alinisikiliza tukiwa langoni, hakunikaribisha. Kisha akasema, "Wamae, mtoto wako ako na chanjo na wangu hana, na ni wewe uliniambia nikatae. Ati hukujua? Mwanaume gani hajui kitu iko kwa nyumba yake?" Akafunga lango. Nilirudi mara tatu. Mara ya pili alifungulia mbwa, na mbwa huyo nilimjua tangu akiwa mdogo, naye pia akaamua kuchukua upande. Sista alikwenda, Mchungaji akaenda. Theuri alijibu kwamba hana ugomvi na chanjo. Ana ugomvi na mimi, na hatafanya jambo lolote tena kwa sababu Wamae amesema.

Ana haki. Mimi ndiye niliyemfundisha kunifuata, na siwezi kumlaumu sasa kwamba ameacha. Lakini binti yake Nyaguthii anatimiza miaka kumi na mitano Jumapili hii. Akishapita kumi na minne si kwamba hawezi kuchanjwa kabisa, daktari atawashauri. Ila mpango huu wa bure utakuwa umemwacha, na ninyi mnajua huku kwetu kilichoachwa nyuma hufuatwa mara ngapi. Nikilala namfikiria mtoto huyo. Amekula kwangu, amelala chumba kimoja na Wacera, wamesuka nywele jikoni kwetu. Mmoja ana kinga na mwingine hana, na tofauti yao ni kwamba baba wa mmoja aliniamini. Kwa hiyo sikuja hapa kumuaga Sista tu. Nimekuja kusema mbele ya kila mtu aliyewahi kunisikia nikisema hapana: Theuri hakudanganywa na ujinga wake. Alidanganywa na rafiki yake. Aibu hii ni yangu, asiibebe yeye, na wala asiibebe mtoto.

Hayo ndiyo niliyo...

Ngojeni kidogo.

Tafadhali msigeuze shingo. Nimesema msigeuze, jamani, Mheshimiwa hata wewe. Kuna watu wawili pale kando ya hema, na hawakuja kutazamwa. Sista, naona umeshasimama. Naona pia umeshavua lile shada tulilokuvisha, na keki bado haijakatwa. Nenda. Funguo za chumba chako cha chanjo hapa shuleni ziko na Mwalimu Mkuu, nani amkimbilie. Ah, kumbe unazo mwenyewe, na ulisema umezikabidhi asubuhi.

Theuri, sikuiti mbele. Sikuombi hata unisalimie. Umekuja kwa miguu yako na kwa sababu zako, na inatosha. Nyaguthii mwanangu, kunja mkono wa sweta, utazame ukutani, itakwisha kabla hujamaliza kuogopa.

Mheshimiwa, waheshimiwa, wageni wetu, nilikuwa na ukurasa mwingine mzima wa sifa za Sista Murugi, lakini anayesifiwa amerudi kazini. Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba tukae wote hivi tulivyo, bila wimbo na bila makofi, dakika kumi na tano, mpaka mtoto atoke.