Vikapu vya Ijumaa: Maisha ya Karani Hezron Nyasani Makori

Kwa jina la Mungu aliyetufinyanga kwa udongo, anayeijua jioni ya kila mmoja wetu kabla ya asubuhi yake, nasimama mbele yenu, wazee, akina mama, vijana na watoto wa boma hili, mimi Nyangate Makori, kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa kanisa letu kwa miaka kumi na tisa, kuwasomea historia ya ndugu yangu, nami naomba mnivumilie, maana si yote yatakayopendeza masikio.

Hezron Nyasani alizaliwa tarehe 14 Machi 1932, kilimani Omokonge, upande wa Nyamira, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Makori na marehemu mama yetu Kemuma. Alianza masomo mwaka 1941 katika shule ya kijiji iliyoezekwa nyasi, akaendelea katika shule ya Nyanchwa kuanzia Januari 1947 hadi Desemba 1950, na huko akabatizwa siku ya Sabato, tarehe 4 Juni 1949, akarudi nyumbani viatu mkononi visije vikachakaa, na Maandiko kwapani.

Tarehe 18 Agosti 1955 alimwoa Esnah Nyanchera wa Keumbu, nao wakajaliwa watoto wanne, wakiwemo Gesare, Mogaka na Loice tulio nao hapa, na kitindamimba aliyechukuliwa na surua mwaka 1961 kabla ya kujua kutembea.

Baada ya kufundisha darasa la kwanza kwa miaka tisa, aliajiriwa tarehe 1 Februari 1965 kuwa karani wa kituo cha majani chai kilicho kwenye barabara ya Nyamache, na hapo ndipo alipoifanya kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, kwa kuwa wakulima walipokuwa wakimwaga majani mezani na kuchambua yaliyokomaa, yeye alisoma aya moja na kuieleza kwa maneno machache, bila kusimamisha mizani, kwa Wasabato na Wakatoliki na kwa wale waliokuja na harufu ya pombe. Mama Bosibori, mjane Mkatoliki, alizoea kumtania akisema, "Karani, leo fupisha, majani yanaungua na mimi bado mwenye dhambi," na watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka kabla ya aya kwisha. Msimamizi wake, Bwana Onchiri, alimwonya mara mbili kwamba pale hupimwa majani na si roho, kisha akaacha, nasikia hata yeye alianza kuja mapema.

Sasa nafika Ijumaa tarehe 11 Oktoba 1974. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lori likakwama matopeni, likafika jua likiwa linagusa kilima, na palikuwa na vikapu arobaini na moja ambavyo, kama visingepimwa, vingechacha na kutupwa hadi cha mwisho. Sisi sote tunajua Sabato huingia jua linapotua, naye alijua kuliko wengi wetu. Alifunga Maandiko akasema, "Leo sina aya, leteni vikapu," akapima hadi saa moja na nusu usiku kwa taa ya lori, isipokuwa vikapu viwili vya mke wake Nyanchera, ambavyo alivibeba mwenyewe akavimwaga mtaroni, akisema cha kwake hakitapimwa ndani ya Sabato.

Sabato ya tarehe 26 Oktoba 1974 kanisa letu liliketi kumjadili. Mzee Nyangau ndiye aliyetoa hoja kwamba jina lake liondolewe katika kitabu cha washiriki kwa kuvunja siku ya Bwana, naye hakusema kwamba kikapu cha saba kupimwa jioni ile kilikuwa cha mke wake yeye Nyangau, Bathsheba, wala mimi sikusema habari ya vikapu vilivyomwagwa mtaroni, ingawa nilikuwapo na niliviona. Tulipoulizwa, mikono iliinuliwa yote. Wangu ulikuwa wa tatu.

Aliambiwa kwamba aliyeondolewa hana ruhusa ya kufundisha, naye akatii, akapima majani karibu miaka mitatu bila kutamka aya. Mama Bosibori alimwuliza, "Karani, tumekukosea nini?" naye akamjibu tu, "Kilo kumi na nne, mama."

Mwezi Mei 1977 alianza kuugua tumbo, akalazwa mara mbili katika hospitali ya wilaya, na kwa miezi tisa hakuna mzee wa kanisa aliyevuka mlango wake, mimi nikiwa mmoja wao hadi wiki ya mwisho. Alifariki Jumanne tarehe 7 Februari 1978, saa nne asubuhi.

Asubuhi ya leo wazee wameniletea habari njema, kama walivyoiita, kwamba jina la Hezron limerudishwa kitabuni ili azikwe kama mshiriki. Niliipeleka kwa shemeji yangu Nyanchera, naye amenituma niwaeleze ninyi wazee mbele ya watu wote kwamba mlimfuta akiwa hai na anasikia, basi msimwandike tena akiwa hawezi kukataa. Kitabu kibaki kilivyo, mumewe atazikwa na waliokuwa wakimsikiliza.

Kwa hiyo familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Onchiri na wafanyakazi wa kituo, majirani waliochimba kaburi, na Mama Bosibori na akina mama wenzake Wakatoliki waliompikia uji wa wimbi kila siku hadi aliposhindwa kumeza. Wazee wa kanisa siwashukuru, na mimi ni mzee wa kanisa. Waliokuja na vikapu Ijumaa ile wasogee wabebe jeneza. Sisi tulioinua mikono tutafuata nyuma.

Nanyi mliosikiliza bila kuondoka, Mungu awape mtu wa kusema kweli juu yenu mngali hai. Hezron, mtoto wa Kemuma, pumzika kwa amani.