Sauti Niliyobakiziwa

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Mniitikie ninyi kwa nguvu, maana mimi nguvu hizo sina. Na mlioketi kule nyuma karibu na mlango, tafadhalini sogeeni mbele. Hii sauti mnayoisikia ndiyo yote niliyonayo, na leo nitawaeleza ile nyingine ilikwenda wapi.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi ni Mama Esta, naishi Winson Green, mtaa ule ulio nyuma ya ukuta wa jela, na kazi yangu ni kuhudumia wazee wodini. Mimi ni Mtaita, mume wangu ni Mluhya, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili. Likumbukeni hilo, litawasaidia.

Ndugu zangu, zamani nilikuwa na sauti! Treni ilipopita hapa stesheni ya Stechford katikati ya wimbo, ninyi mlinisikia mimi. Na sauti hiyo niliitumia kila mahali. Kamati ya chakula, mimi. Ugomvi wa rangi ya sare za kwaya, mimi, tena kwa miezi. Jirani akiweka pipa lake la taka mlangoni pangu, barabara nzima ilipata habari. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema, lakini mimi sikujiona debe, nilijiona mtumishi. Nikifika nyumbani nilikuwa hoi, na sauti iliyosalia ilitosha kugomba tu.

Sasa, mume wangu, Baba Esta, anafanya kazi Nechells, katika kiwanda cha kukunja mabati kwa mashine kubwa za kugonga. Tulipokuja nchi hii ya Waingereza alikuwa mcheshi, mtu wa hadithi. Mwaka baada ya mwaka akanyamaza. Habari za kazi? Nzuri. Habari za kutwa? Nzuri. Basi. Nikimwambia jambo jingine lolote anatikisa kichwa, au anasema sawa. Nikajua huyu amenichoka.

Halafu ikaja ile jioni. Nilikuwa nimepokea telegramu kutoka Wundanyi kwamba baba yangu amefariki. Baba yangu aliyeuza ng'ombe ili nisome! Nilikaa kwenye ngazi na koti la kazi bado mwilini, uso nimeufunika kwa mikono, namngoja mume wangu. Aliposukuma mlango nikamwambia, "Habari zimekuja. Baba amefariki."

Akavua kofia. "Nzuri, Mama Esta," akasema, akapita kwenda jikoni.

Ndugu zangu! Nzuri! Mtu amefiwa na mzazi, na mwenziwe anamwambia nzuri! Kesho yake mlipokuja kunipa pole, naye aliketi kati yenu ameinamisha kichwa, nami nikaona ni unafiki mtupu.

Tangu hapo nilimpigia kelele asubuhi na jioni. Yeye kimya. Nilianza kuweka nguo kwenye sanduku kidogo kidogo, nikaazimia nimchukue Esta turudi Taita, ndoa iishie hapo. Baadhi yenu mlikuja kutuombea, mtakumbuka. Tulimwekea mikono, tukakemea pepo bubu mpaka jirani akagonga ukuta. Baba Esta alipiga magoti kwa utulivu, na kila alipoona midomo yetu imefungwa, akasema Amina. Mimi nililia, Bwana, mfungue mume wangu kinywa!

Na Bwana alijibu. Akafunga changu.

Nilikuwa wodini, nikafungua kinywa nimwite mgonjwa, hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, ni pumzi tu. Daktari wa koo aliangalia kwa kioo chake, akasema kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Ninyamaze wiki kadhaa, hata kunong'ona asinisikie mtu. Nikikaidi, huenda isirudi kamwe. Na hata ikirudi, akasema, itakuwa kidogo, niitumie kama mafuta ya taa ndani ya hita: ukiyamaliza asubuhi, jioni utakaa na baridi. Nilipanda basi nikilia bila mlio.

Jioni ile Baba Esta aliporudi ilinibidi nimguse bega ili ageuke. Nikamwonyesha koo, nikapunga mkono kwamba hakuna kitu. Nikashika birika, nikaumba maneno kwa midomo mitupu: chai, au ule kwanza?

"Chai kwanza," akajibu. "Na hilo koo, daktari amesemaje?"

Nilishtuka nusura niangushe birika. Swali! Mume wangu ameniuliza swali! Nikamweleza yote kwa mikono na midomo, na akafuata yote. Tukaketi. Akasema, "Mama Esta, leo nimekuelewa. Masikio yangu yaliishia kwenye mashine. La kushoto limekufa, la kulia linasikia mtu akiwa karibu kabisa. Wewe huongea ukiwa jikoni, au umenipa mgongo. Nisipoiona midomo, mimi huwa nasikia kelele tu."

Ninyi, hebu niambieni! Mimi ninayewainamia wazee wa Kiingereza masikioni kutwa nzima, nikiwaambia taratibu kwamba chai imefika, mume wangu ni kiziwi na sijui! Alificha kwa aibu, na kwa kuogopa wenye kiwanda wasimwondoe. Lakini Esta alijua! Siku zote alimvuta baba yake mkono na kusimama mbele yake kabla ya kumwambia neno, na mimi nikadhani ni madeko ya watoto wa huku.

Nikamwuliza, kwa midomo, juu ya siku ile ya ngazi. Uso ukambadilika.

"Nilisikia lile neno habari tu," akasema. "Nikajibu kama mtu anavyojibu. Ya mzee kufariki nilijua kesho yake, kwa watu waliokuja kutoa pole. Kila nilipotaka kukueleza, ulikuwa unafoka. Nikaona hutaki hata kuniona."

Jamani, salamu zetu! Mtu anaweza kuishi ndani ya salamu za Kiswahili miaka mingi, hasikii kitu, na asigundulike!

Siku niliporuhusiwa kusema, kwaya ilikuwa inaningoja, kamati inaningoja, na lile pipa lilikuwa mlangoni. Nikajiuliza, neno la kwanza nimpe nani? Nilikwenda kwa mume wangu, nikainama kwenye sikio la kulia, nikasema, "Baba amefariki."

Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Pole, mke wangu," akasema. "Pole sana."

Tulilia mpaka chai ikapoa. Msiba wa baba yangu, kwangu mimi, ulikuwa siku ile.

Kwa hiyo msinishangae nikikaa kimya kwenye vikao. Sare za kwaya shoneni rangi mnayoitaka, hata njano. Namshukuru Mungu kwa sauti aliyochukua, na kwa hii ndogo aliyonibakizia. Ninyi mnaotoka shifti mkakimbilia kikao, mkatoka kikao mkakimbilia shifti, tazameni ni nani nyumbani anapokea makombo ya nguvu zenu. Na umtumaini Bwana, ndugu yangu, hata akikujibu kwa kukunyang'anya. Mimi alininyang'anya, nikashtuka, nikapona!

Nilikuwa nimeandaa wimbo, lakini sitauimba. Baba Esta yule pale dirishani, anatabasamu kwa sababu anawaona mnatabasamu. Kutoka pale alipo hajapata hata neno moja la ushuhuda huu. Itabidi nimsimulie wote tukifika nyumbani, na sauti iliyobaki ni yake.