Neno Lililofungwa Uzi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu aliyezikwa Jumamosi, mpanga herufi wa gazeti, ambaye wenzake walimwita Taratibu. Taratibu wa mdomo, lakini vidole vyake vilikuwa na haraka ya mwizi. Mkewe ananiambia, "Mume wangu ukimuuliza swali asubuhi, jibu unaletewa jioni."

Katikati ya karne iliyopita, gazeti lilipangwa kwa herufi za madini ya risasi, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Ukurasa ukishachapwa, herufi zinarudishwa kwenye visanduku vyake. Lakini yako maneno yaliyotakiwa kila siku, na hayo hayakubomolewa. Yalifungwa uzi, yakawekwa pembeni ya meza, tayari kama chai ya chupa. Na lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa mhuni. Mchuuzi akikamatwa barabarani, mhuni. Kijana asiye na kazi, mhuni. Mwenye kazi akidai nyongeza ya mshahara, huyo ndiye mhuni hasa. Taratibu alilitumia neno hilo miaka mingi bila kuliwazia lolote.

Sasa sikilizeni. Siku moja wafumaji wa kiwanda cha nguo waligoma. Askari wakafyatua bunduki. Akafa mtu mmoja: mdogo wake Taratibu, baba mmoja mama mmoja, mfumaji, mwenye mke na mtoto mchanga.

Mchana huo mjane alikuja mlango wa nyuma wa chumba cha uchapaji, mtoto mgongoni.

"Shemeji," akasema, "msije mkamwita mhuni. Huyu mtoto atakuja kujua kusoma."

Taratibu alirudi mezani, akakuta habari imeshashuka kutoka kwa mhariri. Mistari michache tu, na juu yake: MHUNI AUAWA KIWANDANI. Jina la marehemu halikuwekwa. Mnanielewa? Jina halikuwekwa. Neno hilo ndilo lingekuwa jina lake.

Akapanga vile vile alivyoagizwa. Karatasi ya majaribio ikapanda juu, mhariri akaisoma, akatia saini. Ukurasa ukakazwa ndani ya fremu ya chuma. Hapo ndipo Taratibu alipoilegeza ile fremu, akachomoa MHUNI, akaanza kupanga MFUMAJI. Neno jipya lilikuwa refu, ikabidi abane nafasi kati ya maneno. Na fremu ikikazwa vibaya, ukurasa mzima unamwagika sakafuni mbele ya watu wote.

"Taratibu, kuna nini hapo?"

Alikuwa msimamizi wa chumba, mtu asiyecheka na nyani.

"Mstari umelegea, mkuu. Naukaza."

Msimamizi akainama. Watu wa kazi ile waliweza kusoma herufi kinyumenyume, kama wewe unavyosoma kawaida. Akasoma. Akaliona na lile neno lenye uzi, limelala peke yake mezani. Mashine ilikuwa inasubiri. Taratibu alimwambia mkewe kwamba moyo wake aliusikia kwenye meno. Msimamizi akaliokota lile neno, akalitia mfukoni.

"Kaza vizuri," akasema, akaenda zake.

Kesho yake gazeti likasema MFUMAJI AUAWA KIWANDANI. Kabla ya adhuhuri Taratibu hana kazi. Msimamizi akamfuata getini, akamtia mkononi kile kipande chenye uzi. "Kaa nacho wewe."

Msidhani dunia iligeuka. Wiki ile ile pale gazetini walifunga kipande kingine cha MHUNI. Taratibu akaishia kuchapa kadi za harusi za watu, na mkewe hafichi kwamba walilala njaa, na kwamba alimnunia muda mrefu.

Yule mtoto wa mgongoni leo ana mvi. Anasema, "Shuleni walinitania kuwa baba alikufa kwa uhuni. Nikawaonyesha gazeti. Baba mkubwa alinipa kitu cha kuwaonyesha." Jumamosi, kabla ya mazishi, aliukata ule uzi. Herufi tano zikamwagika kiganjani mwake, na hazikusema kitu.

Kwa mjane wa Taratibu, kwa shemeji yake, na kwa mwana wa marehemu mdogo wake, aliyemlea, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tunaoshika vipaza sauti tusijifanye wageni, maana hata studio hii ina maneno yake yaliyofungwa uzi. Nawe unayesikiliza, kabla hujamwita mtu, mtazame kwanza usoni.

Yule aliyeuawa alikuwa mfumaji. Alikuwa mfumaji.