Bweni la Kwenye Kipeperushi

Mbele yangu kwenye basi alikaa kijana mwenye fulana ya chuo kimoja kidogo, mmoja wa wale wanaozunguka shuleni kutafuta wanafunzi. Hata jasho halijamkauka, alishamkabidhi mama wa pembeni yake kipeperushi. Wengine huanza kwa salamu.

"Kaka, hicho ninacho," mama akamwambia. "Ulikuja shuleni kwa binti yangu ukamjaza maneno. Ndiko ninakompeleka leo." Akaonyesha kwa kidevu kiti cha mbele, binti alikosinzia na mkongojo wake mapajani. "Ulimwambia bweni na darasa vimepakana."

"Vimepakana kabisa, mama yangu."

"Kwa mguu wako au wake?"

Kijana akacheka peke yake. Kisha, sijui ni uchovu au aibu, akasema kweli. "Mama, pale nimefika mara moja tu, siku ya kuajiriwa, nikaishia ofisini. Maisha yangu ni barabarani. Habari za bweni nazisoma humo humo unamosoma wewe."

"Yaani mwanangu anafuata karatasi?"

"Lakini ina picha, mama."

Nilijikaza nisicheke. Basi likasimama mbele ya geti la chuo. Binti akaamka, akashuka wa kwanza, akaanza kutembea bila kungoja mtu. Mama akasita mlangoni na sanduku la binti, akamgeukia kijana.

"Haya, shuka, tukalitafute wote hilo bweni."

Kijana akatazama saa. "Kuna shule inanisubiri mbele."

"Na huyu je?"

Konda akagonga bodi ya basi liondoke.