Ndevu za Upande Mmoja

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

KINYOZI: Shikamoo, dada. Ni mimi, mdogo wako. Nimeazima simu ya mteja. Yangu nimeizima, iko kwenye droo ya taulo.

DADA: Marahaba. Imekukosea nini?

KINYOZI: Imenivua nguo. Shemeji karudi?

DADA: Karudi na ndevu upande mmoja. Saa kumi ana mkutano wa kampeni, na mnyoaji ni wewe. Kuna—

KINYOZI: Niliingia kwenye tovuti ya Mwalimu.

DADA: Mpinzani wa shemeji yako? Wewe, wakala wake wa kituo cha kura?

KINYOZI: Kuchungulia tu. Pakatokea swali, nakubali wanifuatilie? Nikabonyeza ndiyo ili liondoke. Mimi huyu, ninayewahubiria wateja wasibonyeze ovyo.

DADA: Kisha?

KINYOZI: Kuna fomu. Nikajaza jina, namba, kata. Na "jambo linalokukera".

DADA: Ukaandika nini?

KINYOZI: Mabomba makavu.

DADA: Aliyoahidi mume wangu.

KINYOZI: Hayo hayo. Basi leo namnyoa, simu nimeiunganisha na runinga ya saluni, tunatazama mpira. Mara tangazo. Mwalimu, kioo kizima: "Umebakiza hatua moja kujiunga nasi." Shemeji akainuka na povu lake, akatoka. Dada, nimekuharibia nyumba. Atasema ukoo wetu wote wasaliti.

DADA: Haloo? Unakatika—

KINYOZI: Nasema nakuja kumwomba radhi, nimwambie ni—

DADA: Usimwambie kitu.

KINYOZI: Kwa nini?

DADA: Anadhani tangazo limetoka kwenye simu yake. Wiki nzima Mwalimu anamtokea humo, anamfuta, anarudi. Sasa anaamini limemfuata mpaka saluni. Anakuonea aibu wewe.

KINYOZI: Kwani naye aliingia?

DADA: Simu yangu si ilipasuka kioo. Huwa naazima yake.

KINYOZI: Dada.

DADA: Ile fomu, wewe uliishia wapi?

KINYOZI: Katikati.

DADA: Mimi nilimaliza.

[mtandao unakwaruza]

KINYOZI: Mteja anasema salio lake linaisha. Nikiri au nisikiri?

DADA: Ukisema la saluni lilikuwa lako, ataniuliza la kwenye simu yake ni la nani. Anakuja huyo. Njoo na wembe umalizie upande wa pili.

KINYOZI: Na simu yangu?

DADA: Iache humo humo na mataulo, na ufunge dro—