Mtupo Mmoja Mbele ya Watu

Ndugu zangu mliobaki baada ya misa, nanyi wajomba mlioketi nyuma, shikamooni. Nimeombwa niseme jinsi nilivyoanguka. Sitamtaja mtu kwa jina, ila mwenye kujijua atacheka.

Mnanijua. Niliondoka Matombo kwa miguu, sina hata kofia. Nikarudi kuwafundisha watoto wenu, kwa gari moshi hadi Morogoro, nina cheti cha shule ya serikali ya pwani, chenye muhuri wa Wadachi. Katika milima hii yote sijaona cha pili. Msigune, nasema ukweli tu.

Pamoja na cheti nilileta mchezo wa kapu. Nilitoboa kitako cha tenga la ndizi, nikalifunga juu ya mlingoti mbele ya darasa, nikawafundisha wanafunzi wakubwa kurusha mpira upite ndani. Anayeshikwa vibaya na mpinzani hupewa mtupo wa peke yake: wote husimama, naye hurusha bila kuzuiwa.

Asubuhi ukungu ukishuka, mlingoti ulipotea, tenga likabaki likielea kama kiota cha ndege asiyekuwepo. Nilirusha, nikaokota, nikarusha. Mpira ulizama katika weupe, nikasikia tu ukikwaruza fito ukipita. Ningeweza kurusha huku nimelala. Wakati mwingine nadhani nilikuwa nimelala kweli.

Wajomba wa watoto, ambao kwetu ndio wenye kauli, waliniuliza, "Hayo masomo yako yanafaa nini?" Nikajibu, "Njooni Morogoro sikukuu, mimi na wanafunzi wangu tukicheza na shule ya mjini. Nikishindwa, wachukueni watoto wenu." Ndugu zangu, nawaambia, mdomo huu!

Siku ikafika. Tulikuwa sawa kwa sawa, mchezo unakaribia kwisha, nikashikwa mkono. Nikapewa mtupo. Nilikuwa nimekimbia hadi masikio yanavuma. Uwanja ukanyamaza, hata milima ilionekana imesogea kutazama. Nikaanza kufikiri: kiwiko kiwe wapi? Vidole je? Nikaufundisha mkono kitu ambacho ulikuwa unakijua. Mpira ukaondoka polepole, kama katika ndoto ya mtu mwingine, ukaanguka bila kugusa hata ufito. Wale wa mjini wakaudaka, wakafunga.

Jumatatu darasani tulikuwa mabenchi na mimi. Watoto walikuwa shambani, wanafukuza ndege.

Nikajifungia ndani. Aliyekuja ni mama mmoja, mtani wa ukoo wetu.

"Bwana Cheti! Umekufa? Sema tuje, kuzika ni kazi yetu watani."

"Niache, mtani."

"Nikuache una nini? Toka, nilione hilo tenga lililokukimbia."

Nikatoka, nikarusha. Mitupo yote ikaingia. Akatazama, ameshika kiuno.

"Hapa unatwanga," akasema. "Mchi unajua pa kushukia kwa sababu umetoka hapo hapo. Kule ulipewa pigo moja tu, tena pumzi juu. Na hapa nani anakutazama? Ukungu?"

Tangu siku hiyo hakuniruhusu kurusha mara mbili. Nilishuka mtoni mbio, nikapanda na mpira, nikarusha mtupo mmoja. Nikikosa, mtoni tena. Na watani wamejipanga: "Lete karatasi yako irushe!" "Miguu kama korongo!" Mtani hakasirikiwi, mnajua. Mwanzoni nilikosa hadi nikalia. Kisha, sijui siku gani, kejeli zao zikawa kama mvua juu ya paa: unaisikia, na usingizi unakuja.

Shule ya mjini ikapanda huku kwetu. Wajomba nao wakaja, mikono nyuma. Mwishoni nikapata tena mtupo, tukiwa sawa tena. Kimya kile kile. Ndani yake sauti ya mama yule ikapaa: "Bwana Cheti, tenga limejaa!" Nikacheka: tenga lisilo na kitako lijae vipi? Mkono ukarusha wenyewe. Nikasikia fito.

Jumatatu wajomba waliwaleta watoto wenyewe. Nawashukuru kwa kurudi. Nawashukuru watani walionitukana bila kuchoka. Namshukuru Mungu aliyewapa ndimi zile. Nami nasema hivi: unachokiweza peke yako, kijaribu umechoka, mara moja tu, mbele ya wanaokucheka. Cheti hakikunifundisha hilo, ingawa ni cheti kizuri.

Hata maneno haya, wiki nzima nimeyasema mara moja kwa siku, nikitoka mtoni mbio, mbele ya mama yule. Mwoneni anavyocheka. Haya, mtani, waambie: yameingia, au tenga limejaa?